Gari la milango miwili na harusi ya Kirando

Kwa muda mrefu nimejiuliza kama jambo hili niliandike au nilifungie kabatini pamoja na suti niliyovaa siku ile. Nimeamua kuliandika. Msimu wa harusi unakuja tena, na naona vijana wenzangu wanaelekea kwenye shimo lile lile nililotumbukia mimi, msomi mwenye shahada yake, mwandishi wa gazeti, mtu anayelipwa (kidogo) kwa kazi ya kuuliza maswali.

Mwaka jana ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alioa. Yeye ni mvuvi wa Kirando. Ana mtumbwi, injini na nyavu zake, na huko ziwani ni kijana anayeheshimika. Mchumba alikuwa mwalimu kutoka Sumbawanga mjini. Ikapangwa ndoa ifungwe kanisani Sumbawanga asubuhi, halafu msafara ushuke Kirando kwa ajili ya sherehe ya jioni, maana ukoo wote wa bwana harusi uko huko mwambao.

Kwenye kamati nilipewa idara ya usafiri. Sababu? Eti mimi ni wa mjini na nimetembea. Bwana harusi alinipigia simu mwenyewe: "Kaka, hilo gari nakuachia wewe. Ila nisingependa nishuke kwenye Noah kama abiria wa Namanyere. Siku hiyo moja tu nataka watu waone."

Nilimwelewa. Na hapa niseme mapema, sitaki mtu asome makala hii akacheka watu wa kijijini wanaotaka makubwa. Mtu anayeamka usiku kufuata dagaa, miaka nenda rudi, ana haki ya kutaka siku moja ya kung'aa. Tatizo halikuwa hamu yake. Tatizo lilikuwa mimi.

Nilitafuta kwenye simu, nikaulizia kwa jamaa, nikapata BMW Z4 nyeusi ya mfanyabiashara mmoja wa Mbeya. Jamani, ile picha! Gari limelala chini kama chui, limepigwa picha usiku, taa zinawaka. Nikaituma kwenye kundi la kamati, watu wakapagawa. Bei laki tisa, mafuta juu yetu, dereva ni mwenye gari mwenyewe kwa sababu hamruhusu mtu mwingine kuligusa. Tukalipa nusu siku hiyo hiyo.

Sasa niambieni, ninyi mnaojua magari: Z4 ina viti vingapi?

Viwili. Kimoja cha dereva.

Katika kamati ya watu kumi na wanne, wakiwemo walimu watatu, mhasibu mmoja na mwandishi wa habari mmoja, hakuna aliyeuliza swali hilo. Tulikuja kuligundua nje ya kanisa, kinanda kikipigwa, maharusi wamesimama wanasubiri kupanda. Mwenye gari akashikilia msimamo wake: haendeshi mwingine. Kwa hiyo bibi harusi akaondoka kanisani na mwanaume asiyemjua, na mume wake akafuata nyuma kwenye Noah. Ile Noah aliyoikataa.

Mkia wa gauni haukuingia. Wasimamizi waliukunja wakausukuma mpaka ukamfika kifuani, dereva akawa analalamika kwamba haoni kioo cha pembeni.

Juu huku kwenye uwanda wa Ufipa tulikula lami bila shida. Lakini Kirando iko chini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka Namanyere lazima uteremke ukingo wa Bonde la Ufa. Msafara ulipoacha lami, lile gari likaanza kwenda kama mtu mwenye mwiba mguuni. Tukashuka kusogeza mawe. Tukapanda, tukashuka tena. Kwenye mteremko mmoja tukasikia mlio ambao sitausahau, na muda si mrefu mstari mweusi ukaanza kuonekana nyuma yake barabarani. Sampo ilikuwa imepasuka, oili yote imeishia kwenye vumbi.

Saa mbili usiku bibi harusi aliingia Kirando mbele ya pikapu ya samaki iliyotuokoa. Dereva wake alikuwa mtu mwema, alitandika turubai safi na hakutudai hata senti. Lakini migebuka ni migebuka. Harufu yake haiombi ruhusa.

Watu wa Kirando walipiga vigelegele vile vile. Walicheza mpaka alfajiri. Kama hadithi ingeishia hapo, ningeitumia kama kichekesho tu. Haikuishia hapo. Mwenye gari alidai matengenezo na gari la kulivuta mpaka Mbeya, jumla milioni mbili na ushee. Mkataba, ambao niliusaini mimi bila kuusoma vizuri, ulikuwa upande wake. Mimi nikatoa nilichokuwa nacho, kamati ikawa imeshavunjwa, na ndugu yangu akauza injini ya mtumbwi. Miezi minne ya kwanza ya ndoa yake alivua kwa mtumbwi wa mtu mwingine, akigawana mapato.

Mama yake, mama mdogo wangu, hakunifokea. Aliniuliza tu, kwa upole: "Mwanangu, kwani huko chuoni hawafundishi kuhesabu viti?"

Basi tangu hapo nimejifunza kuhesabu viti, na mengine.

Kwanza, tusichanganye gari la mbio na gari la shughuli ya jioni. Yote yanaweza kuwa ya kifahari, lakini hayakutengenezwa kwa kazi moja. Hata huko Ulaya yanakotoka wanatofautisha. Waitaliano wana jina gran turismo, yaani safari kuu: gari lenye nguvu, lakini la kumfikisha mtu mbali bila kumchosha wala kumkunja nguo. Aston Martin DB5, lile aliloendesha James Bond katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964, ni la ukoo huo, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba linamfaa mtu mwenye suti. Bentley Continental GT, lililotoka mwaka 2003, nalo ni hivyo hivyo: milango miwili, lakini viti vinne na sauti ya chini. Upande mwingine kuna magari kama Mercedes 300 SL ya mwaka 1954, ambayo milango yake inafunguka kwenda juu kama mbawa na kizingiti chake ni kipana. Ni zuri ajabu, lakini mwambie mwanamke mwenye gauni refu ashuke humo mbele ya wageni mia tatu uone.

Na hapo ndipo penye kipimo. Gari la shughuli huhukumiwa mlango unapofunguliwa. Kinachoangaliwa ni mtu anayeshuka. Rolls-Royce wanalijua hili: kwenye Phantom ya mwaka 2003 waliweka milango ya nyuma inayofunguka kwa kuelekea nyuma, ili mtu atoke akiwa amesimama wima, na mwavuli wakauficha ndani ya mlango. Wameuza heshima ya kushuka garini. Huhitaji Rolls-Royce kupata heshima hiyo. Crown nyeusi iliyooshwa vizuri, yenye milango minne na kiti kipana cha nyuma, inakupa sehemu kubwa yake.

Pili, kimo. Magari mengi ya mbio tumbo lake liko kama sentimita 10 hadi 13 tu kutoka ardhini. Land Cruiser, shangingi letu, linapita sentimita 20. Tofauti hiyo ya kiganja kimoja ndiyo iliyokula injini ya ndugu yangu. Isitoshe tairi za magari yale zina ubavu mwembamba. Jiwe ambalo Probox inalipita ikiimba, lenyewe linaacha tairi hapo.

Tatu, mkataba. Gari likiharibika njiani analipa nani? Bima yake inahusu biashara ya kukodisha au matumizi binafsi tu? Dereva ni nani? Uliza kabla ya kutoa shilingi moja, na uandike.

Wale mnaosema bora kununua kuliko kukodi, pigeni hesabu kwanza. Gari kutoka Japani linafika bandarini Dar likisubiriwa na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao kwa injini inayozidi sisi 2000 ni asilimia 10. Likiwa kuukuu linaongezwa mwingine. Halafu ndipo uanze kutafuta spea. Mwaka 2021 Diamond Platnumz alipoonyesha Rolls-Royce Cullinan, nchi nzima iliongea. Sina ugomvi naye, yeye sura ya mafanikio ni sehemu ya kazi yake. Ila hata yeye, angalieni, alichukua Rolls-Royce iliyoinuka.

Najua wapo watakaosema nina wivu, au kwamba harusi ni siku moja tu katika maisha, waacheni watu wafurahi. Hoja ya siku moja niliitumia sana mimi mwenyewe kwenye vikao vya kamati. Ni kweli harusi ni siku moja, lakini deni lina siku nyingi, na linalala na maharusi kitanda kimoja.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Siku ile pale mteremkoni, nikiwa nimekaa juu ya jiwe na suti yangu imejaa vumbi, niligundua kwamba gari la chini ni nusu tu ya kitu. Nusu yake nyingine ni lami. Mjerumani anayeunda gari la kimo cha sentimita 12 anaamini kwamba serikali yake na kodi za watu wake wameshamaliza kazi chini ya matairi. Sisi tunanunua nusu moja, tunaileta kwa meli, halafu tunashangaa kwa nini haifanyi kazi.

Huku Rukwa tunajua lami inaleta nini. Wazee wetu wanakumbuka barabara ya Tunduma kuja Sumbawanga kabla ya ule mkataba wa fedha za Marekani uliosainiwa mwaka 2008 Rais Bush alipokuja nchini. Masika ilikuwa ni kulala njiani. Ilipowekwa lami, mahindi na maharage ya Ufipa yakapata soko kwa urahisi, na mgonjwa akafika hospitali Mbeya siku hiyo hiyo. Kirando nayo ina samaki na mpunga. Meli ya Liemba, iliyokuwa ikipita mwambao huu tangu miaka ya 1920, ilisimama miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo barabara ikabeba mzigo zaidi. Mama mjamzito anayepandishwa mlima ule usiku hana habari na Z4, lakini mawe anayoyasikia mgongoni ni yale yale.

Na nani anapanga barabara ipi itengenezwe? Watu wa mashangingi. Zamani waliitwa Wabenzi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuwabana viongozi wasijitajirishe. Mercedes angalau ilikuwa chini, ilimlazimisha mheshimiwa kusikia shimo. Shangingi limemwinua. Anapita juu ya shida yetu, kiyoyozi kinapuliza, anasoma faili, anafika anatuambia barabara inapitika. Ni kweli inapitika, kwake.

Mwaka 2009 Kenya walijaribu kuwaondoa mawaziri kwenye magari makubwa na kuwapa VW Passat ndogo, lengo likiwa kubana matumizi. Mimi ningependa jaribio hilo kwa sababu nyingine. Kila kiongozi anayekuja ziara Nkasi apewe gari la sentimita 12, achukuliwe kutoka Namanyere mpaka Kirando, na akashuke jioni mbele ya wageni akiwa na suti yake. Naamini bajeti ya mwaka unaofuata ingekuwa na mabadiliko.

Mpaka siku hiyo, wenzangu wa kamati, chagueni gari kwa kuitazama barabara kwanza, kisha gauni, kisha mfuko, na picha ya kwenye simu iwe ya mwisho. Hesabuni viti.

Ndugu yangu alinunua injini nyingine mwezi Mei, imetumika lakini nzima. Mkewe anafundisha huko huko Kirando sasa. Mdogo wake naye anaoa mwaka huu, na niamini usiamini wamenirudisha idara ya usafiri. Bibi harusi ametoa sharti moja tu: anataka pikapu ile ile ya samaki, ioshwe, ipambwe maua. Nimeshaongea na mwenyewe. Amekubali, na ameniuliza kama anaweza kuja na mke wake kwenye sherehe.

Naomba kutoa hoja.