Ualimu si Ngazi ya Kupandia



Katika bweni letu kuna mabishano ambayo hayajakwisha tangu muhula uanze. Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne husema ya kwamba ualimu ni kazi ya kupitia tu: mtu afundishe miaka miwili mitatu, ajulikane, kisha agombee udiwani au ubunge. Wakiulizwa mfano hutaja jina moja, Mwalimu Julius Nyerere. Kwa maoni yangu, mfano huo wameushika kichwa chini miguu juu.

Hebu tuyatazame maisha yenyewe. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 aliingia shule ya Serikali Tabora, mji ambao sisi watu wa Kigoma twaupita kila tupandapo gari moshi kwenda Dar es Salaam. Kisha alikwenda Makerere kusomea ualimu, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarejea 1952 na shahada yake. Je, alitafuta cheo kikubwa? La, alikwenda kufundisha Pugu.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa achague moja, darasa au siasa, naye akaacha kazi. Hapo ndipo wenzangu wanapokosea. Mtu atumiaye ualimu kama ngazi huondoka akisha kuona kiti kimewekwa tayari. Yeye aliacha mshahara wakati hapakuwa na kiti chochote. Uhuru ulikuwa bado miaka sita. Mwenyewe alikuwa akisema ya kuwa ualimu aliuchagua, bali siasa ilimjia tu.

Tena hata Ikulu hakuacha kufundisha. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na tamthilia mbili za Shakespeare alizitia katika Kiswahili.

Sisemi kwamba hakukosea. Mpango wa kuwaingiza watoto wote shuleni, ulioanza mwaka 1977, ulijaza madarasa upesi kuliko walimu walivyopatikana, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku nao wakijifunza kazi. Basi hilo nalo latufundisha ya kuwa nchi yaweza kujenga madarasa kwa mwaka mmoja, lakini mwalimu mzuri hapatikani kwa haraka hiyo.

Mimi nataka kuwa mwalimu wa hesabu. Baba yangu mdogo, mvuvi wa dagaa kwetu Kasingirima, Ujiji, huniambia kwamba mwalimu hana fedha, heri nishike biashara ya samaki. Simlaumu, kwani ndiye aliyenilipia nauli na madaftari. Lakini ni yeye huyo alalamikaye kila likizo kwamba wanawe wana kitabu cha hesabu na hawana wa kuwafundisha. Nimemwuliza kwa heshima, “Baba, ikiwa sote tutakwenda mwaloni kuuza dagaa, nani atawafundisha hao wadogo zangu?” Bado hajanijibu.

Basi, wenzangu, tutakapojaza fomu za kuchagua masomo na vyuo, tuseme kweli. Atakaye siasa na aifuate waziwazi, maana nayo ni kazi ya kuwatumikia watu. Lakini asije darasani kungoja uchaguzi, kwa maana watoto watakaokaa mbele yake hawatarudishiwa miaka hiyo. Nyerere alikuwa Rais karibu miaka 23, na alipofariki mwaka 1999 watu waliendelea kumwita kwa jina la kazi yake ya kwanza. Kazi inayoheshimiwa hivyo haistahili kuwa ngazi ya mtu.