Bawaba iking'oka, muuzaji ndiye athibitishe: Barua ya wazi kwa Tume ya Ushindani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: WARANTI YA LAPTOPU ZINAZOVUNJIKA BAWABA

Mimi ni fundi wa kompyuta, Kariakoo, Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu dhuluma inayofika mezani kwangu mara kwa mara, na ambayo Tume yako ina uwezo wa kuikomesha: wanunuzi wa laptopu mpya wananyimwa waranti kwa sababu kilichoharibika ni bawaba.

Mteja hufika na mashine ambayo haijatimiza mwaka. Risiti anayo, karatasi ya waranti anayo. Kona ya mfuniko imeachana na kasha, na kila akiifungua plastiki inalia na kuachama zaidi. Nikimuuliza kwa nini hajairudisha alikoinunua, jibu huwa moja: ameirudisha, akaambiwa huo ni uharibifu wa mteja, waranti haihusiki. Hakuna aliyeifungua. Mhudumu ameitazama kwa nje, ameona plastiki imepasuka, ametoa hukumu.

Mimi huzifungua, na ninachokikuta ndani ndicho kinachonisukuma kuandika. Bawaba ni ya chuma, na imefungwa kwa skrubu ndogo. Katika laptopu nyingi za bei ya chini na ya kati, skrubu hizo hazishiki chuma kingine. Zinaingia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa katika vishikizo vya plastiki. Bawaba hutengenezwa iwe nzito kidogo ili kioo kisimame pale unapokiacha. Ikikaza kupita kiasi, nguvu ya mkono unaoinua mfuniko huishia kwenye ile plastiki. Vishikizo hupata nyufa taratibu, hadi siku nati zinapong'oka pamoja na skrubu zake. Mteja husikia mlio mmoja tu, akiwa anafungua mashine yake kwa namna ile ile anayoifungua kila siku. Baada ya hapo chuma husukuma kasha kutoka ndani, na waya wa kioo unaopita jirani na bawaba huanza kubanwa. Asipoiwahi, atapoteza na picha.

Laptopu iliyoanguka haifanani na hii. Iliyoanguka ina kona iliyobonyea, ina mikwaruzo, na mara nyingi kioo kina ufa unaoanzia pale ilipogonga. Iliyong'oka bawaba haina alama ya kugonga popote. Ukiifungua unakuta nati zimetoka na vipande vya plastiki vikiwa bado vimezing'ang'ania. Fundi mwenye bisibisi na nia njema hahitaji maabara kutofautisha hali hizi mbili.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, sheria haiko kimya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora ambayo yamo ndani ya mauzo hata kama hayakuandikwa popote. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoizaa Tume yako, inakataza kumpotosha mlaji, na inaipa Tume mamlaka juu ya mikataba inayoandaliwa na upande mmoja. Karatasi ya waranti ni mkataba wa aina hiyo hasa. Mnunuzi hashauriwi neno hata moja. Hukabidhiwa ikiwa imeshachapwa, mara nyingi kwa Kiingereza, baada ya fedha kutoka mfukoni.

Udhaifu uko kwenye suala la nani athibitishe. Leo anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuiangusha laptopu ni mnunuzi. Atathibitishaje jambo ambalo halikutokea? Akiileta kwangu niifungue ili aone chanzo, stika ya duka inachanika na waranti inafutwa papo hapo. Asipoifungua, hana ushahidi.

Wenzetu wamelitatua hili. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, inampa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, na yeye ndiye anayechagua: itengenezwe, abadilishiwe, au arudishiwe fedha. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya Maelekezo Na. 771 ya mwaka 2019, kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka 1 huchukuliwa kuwa ilikuwemo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji aonyeshe vinginevyo. Bawaba tunazouziwa sisi hazina tofauti na zinazouzwa huko. Tofauti ni nani anayebeba hasara.

Na hasara hiyo ni kubwa kwa watu wetu. Wengi wanaonijia ni wanachuo, ambao mzazi ameuza mahindi au ameingia kwenye kikoba ili mtoto apate mashine ya kuandikia utafiti wake. Waranti ikikataliwa, mwanachuo hawezi kukaa muhula mzima akibishana na duka. Anakuja kwetu. Nasi, kwa kuwa kasha jipya ni ghali na halipatikani kirahisi, tunajaza gundi ngumu, au tunatoboa plastiki na kupitisha skrubu ndefu hadi upande wa pili. Inafunguka na kufungika, lakini hiyo ni tiba ya kuvusha siku, na mwenye mali anailipia kwa kosa la kiwandani.

Simlaumu kila mwenye duka. Wengi ni wafanyabiashara wadogo wanaochukua mzigo kwa mwagizaji, na wakimrudisha mlaji mkono mtupu ni kwa sababu nao hawana pa kuurudisha mzigo huo. Ndiyo maana utaratibu utoke juu, umbane mwagizaji na mtengenezaji, ili mwenye duka anayemtendea haki mteja asiishie kufilisika.

Naiomba Tume itoe mwongozo wenye mambo manne.

Kwanza, bawaba ikivunjika ndani ya muda wa waranti na mashine haina alama za kuanguka wala kugongwa, ihesabiwe kuwa ni kasoro ya bidhaa. Anayedai vinginevyo athibitishe kwa kuifungua mbele ya mteja.

Pili, atakayekataa dai la waranti aandike sababu, aweke jina la duka, tarehe na sahihi. Maneno ya kaunta hayakatiwi rufaa.

Tatu, karatasi ya waranti iwe kwa Kiswahili, itaje sehemu zisizohusika, nani atatengeneza na kwa muda gani, na mnunuzi aisome kabla hajalipa.

Nne, risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) ikubalike hata maandishi yakififia, kwa kuwa karatasi yake hufutika kwa joto. Palipo na namba ya uhakiki au nakala ya picha, duka lisitumie kufifia huko kama kisingizio.

Tumewaona wakaguzi wenu Kariakoo wakisaka bidhaa bandia, na kazi hiyo tunaiheshimu. Lakini laptopu ninazozisemea ni halisi, zina nembo halisi, na zimelipiwa kodi. Mlaji aliyekwepa bandia akanunua halisi kwa bei yake kamili anahitaji ulinzi ule ule.

Mafundi tuko tayari kuitwa. Tutakuja na makasha yaliyong'oka na yaliyoanguka, tuyaweke mezani pamoja, wataalamu wenu wajionee kwa macho yao. Tunachosubiri ni tarehe.

Wako katika kutetea haki za mlaji,

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.