Usanifu wa Tovuti: Ni kwa Manufaa ya Nani?

Katika usanifu wa tovuti, neno "kisasa" limekuwa kama hirizi. Taasisi ikitaka kutengenezewa tovuti mpya, sharti la kwanza ni kwamba iwe ya kisasa: iwe na picha kubwa zenye kujaza kioo, video inayoanza kucheza yenyewe, maandishi yanayoibuka polepole kadiri ukurasa unavyoteremshwa, na siku hizi pia kidirisha cha akili bandia kinachojitolea kujibu maswali. Ni nadra kuulizwa: mtu atakayefungua ukurasa huo ni nani, anatumia chombo gani, na kitamgharimu nini? Maswali hayo ndiyo yanayopaswa kutangulia. Tovuti ni chombo cha kazi, na chombo hupimwa kwa jinsi kinavyomfaa anayekitumia, wala si kwa jinsi kinavyomfurahisha aliyekitengeneza.

Yafaa kukumbuka asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Tovuti ya kwanza ilikuwa tayari inafanya kazi mwaka 1991. Ilikuwa na maneno, na viungo vya kumhamisha msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, basi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia umma ufundi huo bila malipo. Shabaha ilikuwa dhahiri: ukurasa uleule usomeke katika kompyuta ya aina yoyote, ya tajiri na ya maskini.

Si kila lililobadilika tangu wakati huo ni baya. Mwaka 2010 msanifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa unaojirekebisha kulingana na upana wa kioo, hata usilazimike kuwa na tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Wazo hilo limeenea duniani kote, na mwanafunzi anayesoma habari kwenye simu ya mkononi bila kulazimika kukuza herufi anafaidi matunda yake. Hayo ni maendeleo ya kweli, kwa sababu yamempunguzia mtumiaji taabu.

Lakini pamoja na maendeleo hayo umekuja mzigo. Mradi uitwao HTTP Archive, ambao hupima kurasa za tovuti nyingi duniani, unaonyesha kwamba mwaka 2010 ukurasa wa kawaida haukufikia uzito wa megabaiti 1. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa umepita megabaiti 2. Tarakimu hizo huonekana ndogo mpaka zifanyiwe hesabu. Katika maandishi ya Kiswahili kila herufi huchukua baiti 1. Kwa hiyo makala ya maneno 1,000 haizidi sana kilobaiti 7. Kitabu cha kurasa 300, chenye herufi 2,000 katika kila ukurasa, ni kilobaiti 600 tu. Maana yake ni kwamba ukurasa mmoja wa tovuti wa megabaiti 2 una uzito wa vitabu vitatu na zaidi, hata kama maneno yaliyomo hayajazi karatasi moja.

Mzigo huo hulipiwa mara mbili. Kwanza hulipiwa kwa fedha, kwa kuwa wananchi wengi wa Afrika Mashariki hununua intaneti kwa vifurushi, na kila baiti inayopita hukatwa kutoka katika kifurushi hicho. Pili hulipiwa kwa muda. Baiti 1 ni biti 8. Hivyo megabaiti 2 ni megabiti 16. Mtandao ukidhoofika hadi mwendo wa kilobiti 400 kwa sekunde, ukurasa huo utachukua sekunde 40 kufika. Makala ya kilobaiti 7 ingefika chini ya sekunde 1. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba hicho hutolewa mfukoni mwa mtumiaji.

Wapo wasemao kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwani mitandao inaongezeka mwendo kila mwaka. Ni kweli kwamba mambo yamebadilika sana tangu waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipoanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009. Hata hivyo, historia hiyohiyo ndiyo inayowakanusha. Kadiri njia ilivyopanuliwa, ndivyo wasanifu walivyozidisha shehena, na faida iliyopaswa kumfikia mtumiaji ikamezwa njiani. Isitoshe, si mtandao peke yake unaochelewesha kazi. Msimbo wa programu unaoletwa pamoja na ukurasa hauna budi kutekelezwa na simu yenyewe, na simu ya bei nafuu huchukua muda mrefu zaidi kuliko kompyuta ya msanifu aliyeketi ofisini penye mtandao wa kasi. Msanifu huyo hudhani ukurasa wake ni mwepesi kwa kuwa hajawahi kuubeba.

Uzito si kasoro pekee. Katika miaka ya 2010 ilizuka mitindo ya kutumia herufi nyembamba za rangi ya kijivu juu ya ukurasa mweupe. Katika chumba chenye kivuli ziliweza kupendeza. Kwa mtu aliyesimama juani Dodoma akiwa na simu mkononi, au kwa mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu, zilikuwa karibu sawa na ukurasa mtupu. Jambo hili halikuachwa kwa ladha ya mtu. Miongozo ya kimataifa inayotolewa na shirika la W3C iliweka kipimo tangu mwaka 2008: uwiano wa mng'ao kati ya herufi za kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1. Toleo la mwaka 2023 likaongeza kanuni juu ya ukubwa na nafasi ya vitufe, ili kidole kisibofye kitu kisichokusudiwa. Vipimo vipo, kinachokosekana ni nia ya kuvitii.

Baya zaidi ni mitindo inayomdhuru mtumiaji kwa makusudi. Mwaka 2010 Harry Brignull, mtaalamu wa Uingereza, alianza kuikusanya hadharani mitego ya namna hiyo: kitufe cha "kubali" kilichokolezwa rangi huku cha "kataa" kikifichwa, huduma ambayo kujiunga nayo ni hatua moja na kujitoa ni safari ndefu, kisanduku kilichotiwa alama tayari kabla mtu hajaamua. Sheria zimeanza kulifuatia jambo hili. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo maarufu wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya wachezaji, wakiwamo watoto, kununua vitu wasivyovikusudia. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka huohuo sheria inayokataza mitego ya aina hiyo katika majukwaa ya mtandaoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huduma inayohitaji mtego ili ipate wateja imejitolea ushahidi yenyewe.

Je, hoja hii ni ya kuukataa urembo? La hasha. Milango ya Zanzibar na Lamu imenakshiwa kwa ustadi mkubwa, lakini nakshi hizo hazikuizuia kufunguka. Mfano mwingine ni M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007. Ilisambaa kwa orodha fupi za maneno kwenye simu ndogo kabisa, bila picha hata moja, nayo ikabadili maisha ya mamilioni ya watu. Vivyo hivyo, kurasa ambamo Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya shule zimekuwa kwa miaka mingi majedwali ya maandishi tu. Hakuna anayezisifu kwa uzuri. Lakini siku matokeo yanapotoka, mtahiniwa aliye mbali na mji, mwenye simu ya zamani na salio dogo, hulisoma jina la shule yake na kujua hatima yake. Jedwali hilo limemheshimu kuliko video yoyote ingeweza kumheshimu.

Walimu wa sayansi na kompyuta wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kurasa nyingi zinaweza kuhifadhiwa katika kompyuta ya shule na uzito wake kusomwa papo hapo. Muda wa kufunguka unaweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Ukurasa mmoja unaweza kusomwa darasani na kisha juani. Mwanafunzi aliyefanya vipimo hivyo hatadanganywa na neno "kisasa" atakapokuwa yeye mwenyewe msanifu.

Nazo taasisi za umma hazina budi kuandika vipimo hivyo katika mikataba yao. Mkataba wa kujenga darasa hutaja idadi ya madirisha na unene wa ukuta. Mkataba wa tovuti utaje uzito wa juu wa ukurasa, mng'ao wa herufi, na simu ya bei ya chini ambayo lazima iweze kuufungua. Tovuti isiyotimiza masharti hayo isipokelewe, kama lisivyopokelewa darasa linalovuja.