Anayeanza Akae Mchezoni
Anayeanza sataranji hupanda haraka sana mwanzoni: akiacha tu kuweka kete zake mahali pa kuliwa bure, tayari amewapita wengi walioanza naye. Mfano ni Mganda Phiona Mutesi: alianza kujifunza Katwe, Kampala, mwaka 2005 kwa kocha Robert Katende, na aliyemwelekeza mwanzo alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 alikuwa Urusi akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya mchezo huo. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa tunalo bao, na mambo ni yaleyale. Anayeanza huwa na pupa ya kuivunja nyumba yake, lile shimo lenye kete 6, ilhali mkononi bado anazo za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni, kati ya zile 22 alizoanza nazo. Mkubwa akimrudishia kete na kumwuliza, “Ungeiacha, ingekuwaje?”, kesho haivunji ovyo. Ndiyo maana inaniuma watoto wanapofukuzwa barazani wazee wakicheza. Waacheni wakae, wafungwe, waelezwe walipokosea. Na shule zetu ziongeze sataranji. Mafundi wetu wanaochonga mpingo hawashindwi kuchonga farasi na mfalme.