Mwenzi Asiyejua Kungoja



Juma hili tulitafakari neno moja linalopambwa sana siku hizi: kwamba roboti ni "mwenzi" wa mfanyakazi wa ghalani.

Tuanze kwa haki. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon iliinunua Kiva Systems kwa dola milioni 775. Roboti zake fupi hujipenyeza chini ya rafu, huiinua na kuipeleka hadi kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pake. Mwaka 2022 ilitambulishwa Proteus, iliyoundwa kujiendesha katikati ya watu bila uzio. Kwa hiyo, aliyekuwa akitembea kutwa kutafuta bidhaa sasa hupunguziwa mwendo. Nani atalaumu hilo?

Lakini mwenzi ni nani? Ni yule akuonaye umechoka, akangoja. Roboti haingoji. Rafu moja ikiondoka, nyingine imekwisha fika. Na mikono ile ile hurudia tendo lile lile. Mwaka 2020 waandishi wa uchunguzi wa Reveal, huko Marekani, walichambua kumbukumbu za Amazon za miaka 2016 hadi 2019. Waliona kwamba kiwango cha majeraha makubwa kilizidi kwa zaidi ya asilimia 50 katika maghala yenye roboti. Kampuni ilipinga hitimisho hilo. Hata hivyo, mwaka 2021 jimbo la California lilitunga sheria inayokataza maghala makubwa kuweka viwango vya kazi vinavyomnyima mtu mlo, mapumziko au nafasi ya kwenda haja. Je, sheria ya namna hiyo hutungwa pasipo kilio?

Wapo watakaoilaumu mashine. Mimi sikubali. Chuma hakina tamaa wala dhamiri. Aliyepanga kasi ni binadamu, naye ndiye wa kuulizwa. Saa iliyookolewa na roboti ingaliweza kurudishwa kwa mfanyakazi iwe pumziko. Kuigeuza kuwa mzigo mpya ni uamuzi wa mtu, si wa mtambo.

Mwezi Mei 2025 Papa Leo wa XIV alieleza kwamba alichagua jina lake akimkumbuka Leo wa XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 katika waraka Rerum Novarum. Swali la wakati ule la viwanda limerudi, safari hii na akili bandia.

Basi, kabla ya kuiita roboti mwenzi, tumwulize mwenye ghala: mfanyakazi akichoka, ni nani atakayengoja?

Nawatakieni Dominika njema.