Kuuliza Serikali Si Fitna



Kuna maneno tunayasikia sana baada ya swala ya Ijumaa: nyinyi vijana wacheni kuuliza uliza, sisi Waislamu ni wachache huku Ukambani, mtatuletea fitna. Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini hebu tuangalie dini yenyewe inamfanyia nini mtu aliyeshika mali ya umma.

Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya akakusanye zaka za Bani Sulaym. Aliporudi akatenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume hakulimaliza jambo hilo kimya kimya. Alipanda mimbari akauliza mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, hiyo zawadi ingemfuata huko? Kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Hesabu ya mali ya umma hutolewa mbele ya umma.

Sasa tuje kwetu Kathonzweni. Bwawa la Thwake linajengwa hapo Mavindini. Kazi ilizinduliwa 2018, likitarajiwa kukamilika 2022. Pesa ni za serikali kuu pamoja na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo ni deni letu sisi na watoto wetu. Familia zilihama mashamba yao kulipisha bwawa. Tarehe ya kukamilika imesogezwa tena na tena, na mama bado ananunua maji kwa mtungi. Hata likijaa, Mto Athi unabeba uchafu wa Nairobi. Nani atayasafisha maji hayo kabla hayajafika jikoni? Kuuliza hivyo kuna fitna gani?

Makueni si wageni wa mambo haya. Kwa miradi ya kaunti tunazo kamati za wananchi, na utaratibu ni kwamba kontrakta halipwi mpaka kamati itie sahihi kuwa kazi imefanyika. Watu wametoka kaunti zingine kuja kujifunza hapa. Lakini Thwake ni mradi wa serikali kuu, haupiti kwa kamati hizo. Hapo tunahitaji njia nyingine.

Njia ipo: Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Shika haya:

– Raia yeyote anaweza kuomba habari. Huhitaji wakili wala kujuana na mheshimiwa.
– Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia ombi lake liandikwe.
– Kuomba ni bure. Unachoweza kulipishwa ni gharama ya nakala tu.
– Wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, sheria inahesabu umenyimwa, na unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman ndani ya siku 30.

Ni kweli sheria inaruhusu mengine yafichwe, kama ya usalama wa taifa. Lakini tarehe ya bwawa kukamilika si siri ya jeshi.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Mswada ukaondolewa. Maandamano yana kazi yake, ila barabara ikishatulia ofisi nazo husahau. Barua yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa inabaki kwa faili, na siku zinahesabika.

Na tuanze kwetu pia. Kamati ya msikiti inayokusanya sadaka na pesa za futari ibandike hesabu ukutani. Hatuwezi kumdai waziri risiti na sisi wenyewe hatuna daftari.

Kwa hivyo wiki hii, kaeni watu watano muandike barua moja kwa Wizara ya Maji. Maswali matatu yanatosha: Thwake litakamilika lini? Kuna familia ambazo hazijalipwa fidia, na ni ngapi? Maji yatasafishwa vipi, na kwa pesa gani? Bakini na nakala iliyopigwa muhuri, mhesabu siku 21. Jibu likija, lisomwe msikitini, kisha lisomwe sokoni, kwa sababu kiu haiulizi mtu dini yake.