Falanga ya madini itoke mbele ng'ombe azae



Swali moja linarudi kila mara huku kwetu Karavia: falanga kidogo ya koperative iende wapi? Ku madini ya ng'ombe, ao ku dawa ya kiwele? Wengi wanachagua dawa, kwa sababu kiwele kilichovimba kinaonekana kwa macho, lakini upungufu wa madini hauonekani. Mimi nasema tumegeuza mambo. Falanga ya madini inapashwa kutoka ya kwanza, tena itoke wakati ng'ombe hajazaa bado.

Tuangalie kiwele chenyewe. Ukimaliza kukamua, tundu la chuchu linabaki wazi karibu nusu saa, ao zaidi. Hapo njo vijidudu vinapita. Vikiingia, vinakutana na askari wa mwili, ni kusema chembe nyeupe za damu. Askari hao wanahitaji seleniamu, vitamini E, shaba na zinki. Vikikosekana, askari wanafika lakini hawana nguvu ya kuua.

Haya si maneno ya wauzaji. Mwaka 1984, watafiti wa Ohio, Marekani, sehemu yenye udongo maskini wa seleniamu, walitoa matokeo ya jaribio lao. Ng'ombe waliopewa vitamini E walipokuwa wamekaushwa walipata ugonjwa wa kiwele pungufu kwa 37% kuliko wenzao. Wale waliodungwa seleniamu siku 21 mbele ya kuzaa, wakiugua walipona upesi zaidi. Hesabu ya kwetu inaweza kuwa nyingine, lakini ona wakati: walisaidiwa mbele ya kuzaa.

Sasa hesabu miezi yetu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua karibu hakuna. Majani yanakauka, vitamini E inapotea, fosforasi inashuka. Ng'ombe anayezaa mwezi wa kumi na moja amemaliza kiangazi na mwili mtupu, halafu mvua inaleta matope kwenye zizi. Hapo kiwele kinashambuliwa kutoka pande mbili.

Najua jibu la wengi: « Katanga njo shaba tupu, tununue madini ya nini? » Shaba na kobalti ziko kwenye vilima vya madini, haziko sawasawa kwenye kila shamba. Udongo wetu mwingi ni mwekundu, una asidi, na fosforasi yake ni haba. Tena, pale shaba inapozidi, haiji peke yake. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na moshi wake uliacha shaba, risasi na kadmiamu kwenye udongo upande upepo unakoelekea. Majani ya pale si madini ya bure. Ni sumu, na risasi inaweza kufika kwenye maziwa ya watoto. Usilishe pale.

Jambo lingine: jiwe jeupe la chumvi si jiwe la madini. Chumvi ni nzuri, lakini haina seleniamu wala zinki. Mbele ya kutoa falanga, soma kartasi ya jiwe ao ya mufuko: utafute fosforasi, kalsiamu, zinki, shaba, iodini, kobalti, seleniamu. Kama haisemi, usinunue. Na usichanganye seleniamu mwenyewe nyumbani: ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu anahitaji karibu miligramu 3 tu kwa siku. Ikizidi sana, inaua.

Lakini nisieleweke vibaya. Madini hayaoshi mikono. Mutu akikamua na mikono michafu, akifuta viwele vya ng'ombe wote na kitambaa kimoja, anabeba ugonjwa kutoka kwa mumoja mpaka kwa mwingine, hata akinunua jiwe la bei kali. Osha mikono, kila ng'ombe na kitambaa chake safi. Kamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi uone kama kuna vidonge ao maji. Mugonjwa akamuliwe wa mwisho. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa yake, halafu umupe majani ili abaki amesimama mpaka tundu lifunge.

Dawa ya kudunga ndani ya chuchu itabaki na kazi yake, kwa mugonjwa aliyeonwa na veterineri. Lakini kila mara tukiitumia, maziwa yanamwagwa siku zilizoandikwa kwenye boksi. Mwenye kuyauzisha kwa siri anamunywesha mutoto wa jirani dawa, na siku moja wanunuzi watakataa maziwa ya koperative nzima.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Mwezi wa tano, kila mwanachama alete majina ya ng'ombe wake wenye mimba na mwezi watakaozaa. Koperative inunue madini kwa pamoja, ya kutosha kwa miezi miwili ya mwisho ya kila mumoja, na ikate bei kidogo kidogo kwenye falanga ya maziwa. Asiye na uwezo leo atalipa ng'ombe akizaa. Robo ya kiwele ikikufa hairudi, na hakuna dawa ya kuinunulia nyingine.